Upinde wa Bei Nafuu Usiokutesa: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Arusha na Moshi

Ujumbe ninaoupokea kuliko mwingine wowote huwa hivi: "Mkuu, nimenunua upinde wa paundi 50. Wiki ya pili sasa, bega linauma na mishale inakwenda inakotaka. Tatizo ni shabaha yangu?"

Hapana. Tatizo lilianza siku ya kununua. Upinde ni mzito kuvutwa kuliko mwili wake unavyomudu (paundi ndiyo nguvu ya kuvuta kamba), na mishale aliyopewa kama nyongeza haiendani nao. Nimeliona hili Njiro, nikaliona Usa River, na Moshi nikalikuta kwa kijana wa Pasua ambaye tayari alikuwa anatafuta wa kumuuzia kila kitu.

Wengi huanza na upinde, kisha wanautafutia mishale, mwisho wanaulazimisha mwili ukubali. Sisi tutageuza: mwili kwanza, kisha uzito na upinde, na mishale isinunuliwe mpaka viwili hivyo vijulikane, ila pesa yake itengwe tangu siku ya kwanza.

## Andaa hivi kabla ya kutoa hata shilingi

- Futi ya fundi cherehani yenye sentimita upande mmoja na inchi upande mwingine.
- Mizani ya kuning'iniza, kama ile inayopimia mizigo ya wagumu, yaani wapagazi, kabla ya kupanda mlima. Ya kidijitali inatosha.
- Kijiti chepesi kilichonyooka cha kama sentimita 90, na karatasi ya gundi ya kuwekea alama.
- Kipande cha ngozi laini kutoka kwa fundi viatu, kwa ajili ya kinga ya vidole.
- Mifuko mitatu au minne ya salfeti na mabaki ya nguo ya kuijaza.
- Miwani ya kinga, hata ile ya mafundi.
- Daftari. Utaandika namba nyingi, na usipoziandika utazibuni.

Kuhusu bajeti, gawa pesa yako mafungu mawili yanayolingana. Nusu ni ya upinde. Nusu ya pili ni ya mishale, kamba ya akiba, kinga na mahali pa kulengea. Anayeweka tisa kati ya kumi kwenye upinde ndiye anayebaki na mishale mitatu iliyopinda na upinde mzuri wa kutundika ukutani.

Ukiagiza nje, ongeza ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, pamoja na gharama ya wakala. Na uliza forodha kabla ya kulipa, kwa sababu mzigo ukishafika na kuzuiliwa, huna tena nguvu ya kujadiliana.

## Hatua ya 1: Jua unaruhusiwa kupiga nini

Mwongozo huu unaishia kwenye shabaha ya gunia. Kuwinda ni jambo jingine kabisa, lina sheria yake.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila kibali, na hapo wamo digidigi na ndege pia, si tembo na simba peke yao. Maeneo ya uwindaji yaliyo nje ya Hifadhi za Taifa na Ngorongoro yanasimamiwa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Ndani ya Hifadhi ya Taifa kama Arusha au Kilimanjaro hakuna uwindaji wa starehe wa aina yoyote.

Ukipata kibali, usidhani kinaruhusu upinde kwa kuwa hakijaukataza. Uliza TAWA waseme wazi silaha gani, mnyama gani, eneo gani na kipindi gani. Sumu kwenye mshale usiifikirie kabisa. Watu huniambia "mbona Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanaitumia?" Wale ni watu wanaoishi kwa upinde tangu utotoni, si sisi wa Jumamosi jioni.

Onyo linalosahaulika: usibebe upinde kwenye gari unapoingia hifadhini, hata kama ni wa mazoezi tu. Kukutwa na silaha hifadhini bila kibali ni kosa linalojitegemea, na watu wameshtakiwa kwa panga na kisu.

Kwa mazoezi ya nyumbani, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji umweleze unachofanya na wapi. Sababu si heshima tu. Siku jirani atakapopiga simu kwamba kuna mtu ana silaha nyuma ya nyumba, unataka mwenyekiti awe anajua tayari.

### Wanaoulizia bunduki

Nitasema kidogo. Hapa kwetu bei ya bunduki si gharama kubwa ya kwanza, wala "bunduki ya bei nafuu" si swali la kuanzia. Umiliki unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji na kupitia polisi. Kibali kwanza, bunduki baadaye. Gobore la kuchongwa na fundi wa kijijini si njia ya mkato, ni kesi. Bunduki ya upepo nayo waulize polisi kabla hujaiagiza. Usimsikilize muuzaji anayesema "hii ni toi".

Aliye na kibali anunue kwa kuangalia risasi, si mtutu. Risasi za .30-06 na .308 ni za kawaida duniani na zinatosha swala wa ukubwa wa kati bila kukuvunja bega. .375 H&H Magnum, iliyotoka mwaka 1912, ni ya wanyama wakubwa; kumpa anayeanza ni kumfundisha kufumba macho kabla ya kufyatua. Darubini nzuri juu ya bunduki ya kawaida inazidi bunduki ya kifahari yenye darubini inayolegea. Na bajeti bila sanduku la chuma la kuifungia haijakamilika.

Turudi kwenye upinde.

## Hatua ya 2: Tafuta jicho lako linaloongoza

Nyosha mikono mbele, unganisha viganja ubakize tundu dogo katikati. Kwa macho yote mawili, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo: antena ya jirani, au kilele cha Meru kama hakuna mawingu. Sasa fumba jicho la kushoto. Kitu kikibaki ndani ya tundu, jicho lako la kulia ndilo linaloongoza. Kikitoweka, ni la kushoto.

Jicho la kulia likiongoza, unavuta kamba kwa mkono wa kulia na kushika upinde kwa kushoto. Huo ndio huitwa upinde wa mkono wa kulia, ingawa unashikwa na kushoto. Watu wengi huchanganya hapa wanapoagiza, na kurudisha mzigo kutoka Moshi hadi kwa muuzaji wa nje si mchezo.

Ukiwa wa mkono wa kulia lakini jicho la kushoto ndilo linaloongoza, ushauri wangu ni kufuata jicho. Wiki mbili za kwanza utajisikia mzembe, kisha utazoea.

## Hatua ya 3: Pima urefu wako wa mvuto

Urefu wa mvuto ni umbali kutoka mpini hadi kamba ukiwa umeivuta mpaka usoni. Simama ukutani, tandaza mikono kama unataka kukumbatia mgomba, bila kujinyoosha kupita kiasi. Mtu apime kutoka ncha ya kidole cha kati cha kushoto hadi cha kulia. Gawa kwa 2.5.

Mfano: mikono ikitanda sentimita 168, urefu wa mvuto ni kama sentimita 67, sawa na inchi 26 na nusu.

Kwa nini namba hii ni muhimu? Kwa sababu uzito ulioandikwa kwenye upinde wa kawaida umepimwa ukivutwa inchi 28. Kwa pinde za paundi 25 hadi 35, kila inchi unayopungua inaondoa takribani paundi mbili, na kila inchi unayozidi inaongeza kiasi hicho. Mtu wetu wa inchi 26 na nusu akishika upinde ulioandikwa paundi 30, kwake ni kama paundi 27. Mrefu wa inchi 30 akiushika uleule, kwake ni paundi 34. Upinde mmoja, watu wawili, mizigo miwili tofauti.

Umefanikiwa ukipima mara tatu na majibu yakatofautiana kwa chini ya inchi moja. Yakitofautiana zaidi, anayekupima anavuta futi.

## Hatua ya 4: Uzito wa kuvuta, mahali ambapo karibu kila mtu anaanguka

Paundi 50 ni karibu kilo 23. Mlimani mgumu haruhusiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, naye anabeba kwa kichwa, shingo na mgongo. Wewe unataka kuvuta kilo 23 kwa vidole vitatu, uzishikilie usoni bila kutetemeka, uachie taratibu, kisha urudie mara sitini jioni moja.

Mwanamume mzima anayeanza achukue paundi 25 hadi 30. Mwanamke mzima, 20 hadi 25. Mtoto wa miaka kumi na kuendelea aanzie 10 hadi 15, na aongezewe anapokua. Najua namba hizi zinawaudhi vijana wa gym. Msuli wa kifua haukusaidii sana hapa. Kazi inafanywa na misuli midogo ya mgongoni, kati ya mabega, na hiyo hakuna anayeifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Kuna sababu nyingine mbali na maumivu. Upinde ukiwa mzito, mwili unatafuta njia ya kutoroka: unaachia kabla hujalenga, kichwa kinafuata kamba, mkono wa mbele unakunjika. Tabia hizo zikishaingia, kuziondoa kunachukua muda mrefu kuliko kujifunza upya.

Jinsi ya kujaribu kabla ya kununua. Muuzaji akikubali, fanya hivi:

1. Elekeza upinde kwenye shabaha, mkono unaoushika ukiwa sambamba na ardhi.
2. Vuta taratibu hadi kamba iguse pembe ya mdomo, bila kuinua upinde juu angani.
3. Shikilia, hesabu hadi kumi.
4. Rudisha kamba taratibu. Usiiachie bila mshale.
5. Rudia mara tano.

Ukilazimika kuinua upinde juu ndipo uvute, ni mzito. Ukianza kutetemeka kabla ya saba, ni mzito. Muuzaji akikuambia "utauzoea", mrudishie kwa heshima.

Jinsi ya kupima upinde wa mtumba. Namba iliyoandikwa kwenye bawa la upinde, yaani sehemu inayojikunja juu au chini ya mpini, inaweza kuwa imefutika, au mwenye upinde alibadilisha mabawa. Weka kwenye kijiti chako alama ya urefu wa mvuto wako. Ning'iniza upinde kwa kamba yake kwenye ndoano ya mizani, egemeza ncha ya kijiti kwenye kamba, kisha vuta mpini kuelekea chini hadi alama ifike kwenye mpini. Mwenzako asome kilo. Zidisha kwa 2.2 upate paundi. Vaeni miwani nyote wawili, na rudisheni polepole.

## Hatua ya 5: Chagua aina

Kuna aina tatu utakazokutana nazo.

Upinde wa mti mmoja, ule wa asili. Mzuri kuutazama, na baadhi yake ni kazi ya mikono ya kweli, lakini inayouzwa kwenye maduka ya vinyago ni ya ukutani. Usiuvute. Mti uliokauka vibaya unapasuka karibu na uso wako.

Upinde wa magurudumu, yaani kompaundi. Huu ndio ambao wawindaji wengi wa Marekani hutumia, na raha yake ni kwamba ukishafika mwisho wa mvuto uzito unapungua: wa paundi 60 wenye punguzo la asilimia 80 unakuachia paundi 12 tu za kushikilia. Lakini urefu wake wa mvuto huwa umewekwa kwa kipimo cha mtu fulani. Kubadilisha kamba na nyaya zake kunahitaji mashine ya kuukandamiza, na ukiachiwa bila mshale mara moja tu unaweza kupasuka mabawa au kuacha kamba ikiruka nje ya magurudumu. Ukinunua wa mtumba usiolingana na kipimo chako, usitegemee fundi baiskeli akuokoe.

Rikavu ya kufungua, yaani upinde wenye ncha zilizopinda kwenda mbele, yenye mpini wa mbao au chuma katikati na mabawa mawili yanayofungwa kwa boliti. Kwa anayeanzia hapa kwetu, nunua hii. Mabawa yanabadilishwa: unaanza na paundi 25, mwaka ujao unanunua mabawa ya 35 na mpini unabaki uleule. Kamba unabadilisha mwenyewe. Ikifunguliwa inaingia kwenye begi la kawaida, jambo linalopunguza gharama ya usafirishaji na macho ya watu kwenye Coaster. Samick Sage ya Korea ndiyo mfano uliozoeleka: inchi 62, na mabawa ya kuanzia paundi 25 yakipanda kwa tano tano. Zipo nyingi zilizoiga umbo hilo kwa bei ya chini, na nyingine ni nzuri tu.

Urefu wa upinde uendane na mvuto wako. Mvuto wa hadi inchi 26, upinde wa inchi 62 hadi 64 unafaa. Kati ya 26 na 28, tafuta 66. Ukizidi 28, nenda 68 na zaidi. Mrefu akivuta upinde mfupi, kamba inambana vidole kwa pembe kali. Wa inchi 62 bado unatumika na mtu wa mvuto wa 28, ila vidole vitalalamika mapema.

## Hatua ya 6: Kagua kabla hujalipa

Hapa usione haya. Muuzaji mwaminifu atakusubiri.

Ukiwa umefungwa kamba, shika upinde kwa umbali wa mkono na utazame kutoka upande wa kamba. Kamba ipite katikati ya bawa la juu, mpini na bawa la chini. Ikilala pembeni, bawa limepinda. Achana nao, hata kwa nusu bei.

Pitisha pamba kwenye kingo za mabawa. Inaponasa, pana ufa au nyuzi zilizochomoza. Tazama mistari ya gundi: mstari mweupe mpya au mwanya mdogo maana yake tabaka zinaachana. Moshi hili ni la kawaida kuliko Arusha, kwa sababu ya joto. Mtu anaacha upinde kwenye gari lililofungwa vioo mchana kutwa na gundi inalegea.

Angalia ncha za mabawa. Upinde wa zamani usioimarishwa nchani unahitaji kamba ya Dacron, ambayo inanyumbuka kidogo. Kamba ngumu za kisasa zisizonyumbuka hupasua ncha hizo. Kama hujui ni ipi, weka Dacron. Utapoteza kasi kidogo na kubaki na upinde.

Kamba yenyewe usiitegemee. Panga kununua mpya hata kama muuzaji anaapa.

## Hatua ya 7: Mishale, na hapa tukae kidogo

Nikiwa na pesa ya kuchagua kimoja kiwe kizuri, nachagua mishale. Upinde wa kawaida wenye mishale sahihi unapiga mahali pamoja. Upinde wa gharama wenye mishale ovyo unatapanya kama kuku waliorushiwa jiwe.

Urefu. Mshale uzidi urefu wako wa mvuto kwa inchi moja hadi mbili. Ukiwa mfupi, unaweza kudondoka nyuma ya mpini ukiwa umevuta, na unapoachia unaingia mkononi. Sikuelezi zaidi ya hapo.

Ugumu. Mshale hauendi umenyooka kama unavyodhani. Kamba inapousukuma unajipinda, unauzunguka mpini, kisha unajinyoosha hewani. Ukiwa mgumu mno haujipindi vya kutosha; ukiwa laini mno unapinda kupita kiasi. Kwa hiyo watengenezaji wa mishale ya kaboni huandika namba: 500, 600, 700. Namba hiyo ni kiasi mshale unavyobonyea, kwa sehemu za elfu za inchi, ukiwekwa juu ya nguzo mbili zilizo umbali wa inchi 28 na kuning'inizwa gramu 880 katikati. Namba kubwa ni mshale laini. Wengi huelewa kinyume, wanaagiza 300 kwa kuwa "ni ndogo, itakuwa nyepesi", kumbe wamenunua chuma.

Kwa paundi 25 hadi 30 kwenye mvuto wako, anza kutafuta kati ya 700 na 800. Kwa 35 hadi 40, kati ya 500 na 600. Kila kiwanda kina jedwali lake, na jedwali hilo linashinda maneno yangu.

Mishale ya alumini ina namba za aina nyingine. 1716, kwa mfano: 17 ni unene wa mshale kwa sehemu za 64 za inchi, 16 ni unene wa ukuta wake kwa sehemu za elfu za inchi.

Uzito. Huu unapimwa kwa greni. Gramu moja ni kama greni 15 na nusu. Kwa rikavu, mshale mzima pamoja na kigumba chake (ncha ya mbele) uwe na angalau greni 8 kwa kila paundi ya upinde. Upinde wa paundi 30 unataka mshale wa greni 240 au zaidi, yaani kama gramu 16. Mshale mwepesi mno unaacha nguvu yote ibaki kwenye mabawa, na upinde unaumia kama vile umeachiwa mtupu. Mizani ya sonara itakupimia kwa dakika moja.

Manyoya. Kama mshale unakaa moja kwa moja juu ya mpini, nunua wa manyoya halisi, yanayolala yakigusa mbao. Vipande vya plastiki vinagonga mpini na kuurusha mshale pembeni. Hivyo vinahitaji kishikizo cha kubandika.

Nunua mishale sita inayofanana kabisa, si kumi na miwili ya mchanganyiko. Miwili itapotea kwenye migomba, huo ni ushuru.

Onyo la kila siku. Kabla ya kupiga, shika mshale wa kaboni ncha zote mbili, ukunje kidogo mbali na uso, uuzungushe. Ukisikia mlio wa kukatika au ukaona ufa, uvunje na utupe. Mshale wa kaboni uliopasuka ukivunjika wakati wa kuachia, vipande vyake huingia kwenye mkono unaoshika upinde.

## Hatua ya 8: Funga kamba na uweke vipimo

Tumia kamba ya kupandishia, ile yenye vifuko viwili vya ncha. Unaikanyaga, unainua mpini, mabawa yanakunjika sawasawa. Njia ya kupitisha mguu katikati ya upinde, ambayo kila mtu ameiona mtandaoni, ndiyo inayopinda mabawa.

Kisha pima nafasi kutoka kamba hadi sehemu ya ndani kabisa ya mpini. Kwa upinde wa inchi 62, iwe takribani inchi 7 na nusu hadi 8 na robo. Kama mtengenezaji ameandika namba nyingine, fuata yake. Nafasi ikiwa ndogo, kamba inakuchapa mkono na upinde unapiga kelele. Ukisokota kamba zaidi inafupika na nafasi inaongezeka.

Weka alama ya noki, yaani mahali mshale unaponasa kwenye kamba. Iwe karibu sentimita moja juu ya mstari unaotoka pale mshale unapokaa kwenye mpini na kuikuta kamba kwa pembe mraba. Zungushia uzi mwembamba, tia tone la gundi.

Umefanikiwa ukivuta na kuachia, ukiwa na mshale bila shaka, na sauti ikawa ya "tup" fupi badala ya mtetemo unaofika kiwikoni.

## Hatua ya 9: Mahali pa kulengea

Jaza mifuko ya salfeti kwa mabaki ya nguo. Mafundi cherehani wanakupa bure, na Memorial pale Moshi au Krokoni Arusha nguo zilizokataliwa hazikosekani. Ondoa vifungo na zipu. Kanyagia mpaka gunia lisimame lenyewe. Gunia legevu linapitisha mshale.

Nyuma ya gunia pawe na ukingo wa udongo au ukuta wa matofali. Uzio wa michongoma si kinga. Na kama unaishi Kibosho au Machame, kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, hakifai hata kikionekana kimya: kina njia za watu kila upande, na mtoto anaweza kutokea nyuma ya mgomba na ndoo ya maji wakati wowote. Tafuta kiwanja kilicho wazi unachokiona chote.

Hakuna anayekwenda kuchomoa mishale mpaka pinde zote zimewekwa chini.

## Hatua ya 10: Mwezi wa kwanza

Anza mita 5. Ndiyo, tano. Mishale thelathini kwa jioni, siku tatu kwa wiki. Usisogee mpaka mishale sita mfululizo iingie kwenye duara la sahani ya chakula. Kisha mita 10, halafu 18, umbali wa mashindano ya ndani.

Ukifika mita 10, fanya jaribio la mshale mtupu. Ng'oa manyoya ya mshale mmoja, upige pamoja na mitatu yenye manyoya. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia:

- Mtupu ukitua kushoto ya mingine, mishale ni migumu mno. Weka kigumba kizito zaidi.
- Ukitua kulia, ni laini mno. Weka kigumba chepesi, au kata mshale kwa nusu inchi, mradi usivuke kipimo cha usalama cha Hatua ya 7.
- Ukitua chini, noki iko juu mno, ishushe kidogo.
- Ukitua juu, ipandishe.

Anayevuta kwa kushoto ageuze kulia na kushoto. Badilisha kitu kimoja tu kwa jioni moja, uandike.

Masika yakiingia, fungua kamba kila unapomaliza, futa mabawa, ning'iniza upinde ndani mbali na ukuta unaotoa unyevu. Kamba ipakwe nta ya nyuki kila inapoanza kuota vinyweleo. Nta ipo kwa wauza asali, na gramu mia utakaa nazo miaka.

Mabawa mapya yenye paundi zaidi yanunuliwe pale tu unapoweza kupiga mishale sitini kwa jioni na wa mwisho ukashikiliwa imara kama wa kwanza. Siku hiyo usisahau kurudi Hatua ya 7, kwa sababu mishale iliyokuwa sahihi kwa paundi 25 itakuwa laini mno kwa 35, na lile jaribio la mshale mtupu utalianza upya.